Jino Lisilo na Doa

Mikono minane ya mashine iitwayo Mgandishi ilishuka kutoka darini, myembamba kama njiti za kuchokolea meno, ikasita sentimita moja juu ya mdomo wa Apaikunda Mbise uliokuwa wazi. Mkono wa kwanza ukakausha jino. Wa pili ukapaka asidi, wa tatu ukasuuza, wa nne ukadondosha tone la gundi ambalo macho ya kawaida yasingeliona. Wa tano ukaleta kigae cha kauri, chembamba kuliko ganda la yai, ukakilaza juu ya jino. Wa sita ukamulika mwanga wa buluu kwa sekunde nne, gundi ikawa jiwe. Mikono miwili iliyobaki kazi yake ilikuwa kumshika mgonjwa mashavu taratibu ili asiogope.

Dakika kumi na moja, vigae vinane. Zamani kazi hiyo ilimla daktari asubuhi nzima, na jioni akarudi nyumbani ameshika kiuno.

"Nguvu ya kushika ni megapaskali thelathini na moja," Mgandishi akatangaza kwa sauti yake ya upole. "Hali njema. Pole kwa usumbufu, kaka Apaikunda."

Nyuma ya kioo, Injinia Anande Pallangyo alipumua. Tusidanganyane, alikuwa na haki ya kuvimba kichwa. Miaka kumi na moja alikuwa ameitumia katika chuo kile cha meno, pale Arusha, akimfundisha Mgandishi kazi moja tu: kuunganisha kauri na jino visiachane. Watu hudhani gundi ni gundi. Sivyo. Gundi ile, ambayo wenyewe karakanani waliiita saruji ya utomvu, haishiki kitu kilicho laini. Ni lazima asidi ilichimbe kwanza gamba la jino, ilitoboe vishimo vidogo visivyohesabika, ili utomvu uzame humo na kukaukia humo humo. Vishimo vikiwa vizuri, kigae kimoja kinaweza kumning'iniza mtu mzima mwenye kitambi chake. Vikiwa vibaya, ugali wa moto tu unatosha kukibandua. Mgandishi alisoma vishimo hivyo kwa mwanga, akalinganisha na majaribio elfu kumi na mbili aliyoyakariri, kisha akasema nguvu yake bila kuvuta chochote. Hakuna mashine nyingine duniani iliyoweza kufanya hivyo, na siku kumi baadaye ilikuwa ipelekwe katika zahanati mia sita.

Apaikunda akapewa kioo. Akajitazama. Akageuza shingo huku, akageuza kule.

"Mungu wangu! Hivi huyu ni mimi?"

"Ni wewe, kaka," Anande akamwambia, akiingia.

"Dada, usinitanie. Huyu ni mtu wa kwenye tangazo!" Akacheka kicheko ambacho watu wa Tengeru hadi Ngaramtoni walikijua kwa masikio, maana Apaikunda alikuwa mshehereshaji wa harusi, na hakuna harusi ya maana iliyofungwa bila sauti yake. Lakini kwa macho hawakukijua. Mtu huyu alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na katika picha zote alizopigwa maishani alikuwa amefumba midomo.

Sababu ilikuwa maji. Chemchemi za Mlima Meru zilikuwa na floridi nyingi, na mtoto aliyekua akiyanywa maji yale alitoa meno ya kahawia, mengine yenye madoa kama ya kutu. Maji yalikuja kusafishwa, na watoto wa siku hizi walikuwa na meno meupe, lakini meno ya waliotangulia yalikuwa yameshaota hivyo. Anande naye alikuwa mmoja wao. Alipoulizwa kwa nini hajajibandika vigae ilhali mashine ni ya kwake, alijibu kwamba mpishi hula wa mwisho.

* * *

Jumatatu iliyofuata Apaikunda alirudi. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatoa mfukoni kitambaa cha mezani, akakikunjua. Ndani mlikuwa na vigae vitatu.

Anande akainama kuvitazama. "Imekuwaje?"

"Imekuwaje?" Apaikunda alisema bila kufungua midomo sawasawa. "Nitakwambia imekuwaje. Jumamosi nilikuwa na harusi ya watu wakubwa pale Tengeru. Ndafu imeletwa, mbuzi mzima mzima na majani yake mdomoni, maharusi wamesimama na kisu. Nikashika kipaza sauti nikasema, 'Piga vigelegeleee!' Dada, kigae kikaruka. Kikaenda kutua kwenye kichwa cha ndafu."

"Ee Mungu."

"Ngoja, sijamaliza. Shangazi wa bwana harusi akakiokota, akakiinua juu watu wote wakakiona, akasema, 'Jamani, mbuzi huyu ana meno mazuri kuliko mshehereshaji!' Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watu mia nne! Mimi nimechekesha watu maisha yangu yote, lakini sijawahi kuchekwa. Nikafumba mdomo. Nikamaliza sherehe kwa kuonyesha ishara kama bubu. Hivi viwili vingine vilitoka jana, nakunywa chai."

Alikikunja kitambaa, akakiacha mezani.

"Nimeshafuta harusi zote za mwezi huu. Nimekuja kukurudishia mali yako, si kugombana. Ila niambie ukweli: mlinifanyia majaribio?"

"Hapana, kaka. Wallahi, hapana. Namba ilikuwa thelathini na moja."

"Namba," Apaikunda akasema, akainuka. "Basi namba ndiyo ikashehereshe."

Alipotoka, Anande alifungua kumbukumbu za Mgandishi akazipitia zote. Asidi ilikuwa sahihi, muda ulikuwa sahihi, mwanga ulikuwa sahihi. Akachukua vile vigae akavitia chini ya hadubini. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye kigae, safi, nyororo kama kioo. Haikuwa na alama hata moja ya kuzama popote. Jino la Apaikunda halikuwa limechimbika, na Mgandishi hakujua, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona jino la namna ile.

Lakini inawezekanaje? Meno elfu kumi na mbili, yote ya watu wa hapa hapa, na lisiwemo la kahawia hata moja?

* * *

Benki ya meno ilikuwa ghorofa ya chini. Meno yaliyong'olewa katika zahanati za mkoa mzima, wenyewe wakiridhia kuyatoa, yaliletwa huko, yakaoshwa, yakawekwa katika chupa za maji ya chumvi yakisubiri kubandikwa kauri na kuvutwa hadi yaachie. Mtunzaji wake alikuwa Mama Nsia Mchomvu, Mpare wa Ugweno, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kupoteza jino la mtu.

"Karibu, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Umekula?"

"Mama, meno ya kahawia yanakwenda wapi?"

Mama Nsia hakushtuka. Alimshika mkono akampeleka hadi kabati la mwisho, akalifungua. Chupa zilikuwa zimejipanga safu kwa safu, zimeandikwa tarehe na namba kwa mwandiko wa kupendeza. Ndani ya kila chupa kulikuwa na meno ya rangi ya chai, ya rangi ya kutu, ya rangi ya kahawa iliyokaangwa.

"Elfu tano mia mbili na tisa," akasema. "Sikuyatupa. Mtu akikupa kiungo chake unakitupaje? Lakini sikuyapeleka juu, maana kanuni imekataza."

"Kanuni gani?"

"Kwani wewe huijui?" Mama Nsia alimtazama kwa mshangao. Akaonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati, ukingo wake umeshageuka manjano. "Hii hapa. *Jino la majaribio liwe zima, lisilotoboka, lisilo na doa.*"

Chini yake kulikuwa na sahihi. Anande aliitambua kabla hajaisoma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliiandika mwenyewe, ana miaka ishirini na sita, wiki yake ya tatu kazini. Jino zima, lisilotoboka: hiyo ilikuwa sayansi, kila mtafiti duniani angeiandika. Lakini *lisilo na doa*? Sasa alikumbuka vizuri kabisa. Wageni kutoka vyuo vya ng'ambo walikuwa waje kuona majaribio ya kwanza, na yeye alikuwa ameona haya. Hakutaka wageni wale wainue kwa koleo meno ya mlimani kwao na kuulizana ni ugonjwa gani. Unapotarajia wageni unafagia uwanja, unaficha masufuria yenye masizi. Alikuwa ameyaficha meno ya watu wake vivyo hivyo, na kwa miaka kumi na moja mashine iliyotengenezwa Arusha ilijifunza kila kitu isipokuwa Arusha.

"Mama," akasema, "nimeharibu."

Mama Nsia alimpa kiti. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Lakini hujachelewa kuzaa. Beba chupa tano twende juu."

Walivuta meno mia moja siku ile ile. Kauri ile ile, gundi ile ile, asidi ile ile. Megapaskali nne. Mengine mbili na nusu. Mdomo hautafuni mara moja tu. Hutafuna mara elfu kwa siku, kwa chai ya moto na maji ya baridi, na nguvu ndogo namna hiyo huisha ndani ya wiki. Ndivyo ilivyokuwa: floridi ilikuwa imelifanya gamba la nje kuwa gumu kwa asidi. Asidi ilipita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba.

* * *

Profesa Kitundu, mkuu wa chuo, alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Mgandishi ilikuwa ndoto yake tangu Anande hajazaliwa.

"Zimebaki siku sita," akasema.

"Najua, Profesa."

"Zahanati mia sita zimeshatengeneza vyumba. Waziri amealikwa. Kuna nchi nne zinasubiri." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Tunaweza kuzindua, kisha tukaandika kwamba mtunza benki alikosea kuchagua meno. Marekebisho yakaja baadaye. Mama Nsia anakaribia kustaafu, hataumia."

Anande aliinamisha kichwa. Nisiseme uongo, wazo lile lilimpitia akilini, tena halikupita mbio. Jina lake lingebaki safi. Mashine ingezinduliwa. Na huko mlimani watu wangepanga foleni kwa furaha, wangebandikwa vigae, na wiki mbili baadaye wangeviokota kwenye sahani mbele za watu.

"Profesa, Mama Nsia ndiye mtu pekee katika jengo hili ambaye hajakosea. Ameyatunza meno elfu tano ambayo mimi niliyaonea haya. Kanuni ni yangu, nimeiandika kwa mkono wangu, na nitasema hivyo mbele ya Waziri ukitaka. Lakini mashine isitoke."

Kisha Profesa alivaa miwani yake.

"Miaka kumi na moja nimeipita ile karatasi mlangoni mwa kabati. Nimeisoma mara ngapi? Nami sikuona kitu." Akavuta simu karibu. "Nenda kafanye kazi, Injinia. Aibu ya kuahirisha nitaibeba mimi."

Basi kazi ikaanza. Miezi minne Mgandishi alikula meno ya kahawia asubuhi, mchana na jioni. Mwanzoni alichanganyikiwa, akawa anatangaza "hali njema" kwa jino ambalo kigae kinadondoka kwa kupulizwa. Anande alimfuta kila alichojiaminisha, akamfundisha upya. Akamwongezea mkono wa tisa, waliouita mparuzi, ambao kazi yake ilikuwa kuondoa lile gamba gumu la juu, unene wa unywele mmoja, kabla ya asidi kuingia. Akarefusha muda wa asidi mara mbili. Akaongeza dawa ya kuosha mabaki yaliyoziba vishimo. Megapaskali kumi na moja. Kumi na saba. Wiki mbili nzima zikakwama kwenye kumi na saba, mpaka Mama Nsia aliposhauri jino lisikaushwe sana, maana alikuwa ameona yale yanayobaki na unyevunyevu hushika rangi ya kuyatilia alama vizuri kuliko makavu. Ishirini na nane.

Ni jambo la kustaajabisha kuona mashine inajifunza unyenyekevu. Siku moja Mgandishi alilitazama jino lenye madoa mazito, akasita, akasema, "Hili silijui vizuri. Naomba nilipime tena." Anande alitoka nje akalia kwa furaha.

* * *

Apaikunda aliitwa. Akaja, vile vigae vitano vilivyobaki navyo vimeshadondoka, akasimama mlangoni na koti lake mkononi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Dada, namba zako nimezisikia. Lakini hayo ni meno ya kwenye chupa. Meno yaliyokufa hayanywi chai. Nionyeshe mtu hai, mwenye meno kama haya yangu, kigae kimebandikwa, kikavutwa, kikakataa. Hapo nitakaa."

Alisema kweli, na kanuni mpya ya chuo ilidai hivyo hivyo: kabla ya kuzinduliwa, jaribio moja ndani ya mdomo wa mtu hai.

"Mtu huyo ni mimi," Anande akasema. Akapanda kwenye kiti.

Profesa alikuwepo, na Mama Nsia alikuwepo, ameshika kitambaa. Mgandishi akashusha mikono yake tisa. Mparuzi akaparua jino la pembeni la juu, asidi ikachimba, gundi ikadondoka, mwanga wa buluu ukawaka. Safari hii hakikubandikwa kigae kizima bali kishikizo kidogo cha kauri, chenye kitanzi. Ndoana ikaingia katika kitanzi. Mashine ikaanza kuvuta.

"Megapaskali kumi," Mgandishi akasema. "Kumi na tano. Ishirini."

Anande alikaza mikono kwenye kiti. Machozi yalimtoka yenyewe, lakini alikuwa amekataa kuchomwa ganzi, kwa kuwa ganzi hubadilisha unyevu wa mdomo.

"Ishirini na tano. Ishirini na nane. Injinia, niache?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Thelathini. Thelathini na mbili."

Kikasikika kishindo kikavu, kama mtu amevunja kijiti. Kichwa cha Anande kikarudi nyuma. Mama Nsia akapiga yowe. Damu kidogo ikaonekana mdomoni, na kwenye ndoana kishikizo kikawa kinaning'inia na kipande cha kitu cha kahawia.

"Gundi haikuachia," Mgandishi akasema. "Kilichovunjika ni jino. Pole sana, Injinia."

Halafu Profesa, mtu yule wa maneno machache, akaanza kupiga makofi peke yake. Mama Nsia alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akimfuta Anande kidevu. Gundi ilikuwa imelishinda jino lenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kufika hapo kwa meno ya mlimani.

Apaikunda alilitundika koti lake kwenye msumari. "Ondoka hapo, dada, upate huduma. Zamu yangu."

"Subiri," Anande alisema kupitia kitambaa. "Mwanzo sikukwambia kila kitu, sasa nakwambia. Umeona nguvu yake. Kikishika, kimeshika. Mparuzi ataondoa gamba la juu, na gamba la jino halioti tena. Hata ukija kutaka meno yako ya zamani, hakuna mtu atakayeweza kukurudishia."

"Kaka Apaikunda," Mgandishi akasema, "gamba la juu la meno yako manane litaondoka na halitarudi. Unakubali?"

Anande akashuka kitini, Apaikunda akakaa mahali pake.

"Nipige picha kwanza," akamwambia Anande. "Nikiwa nimecheka. Sijawahi kuwa na picha ya namna hiyo."

Anande akatoa simu. Apaikunda akacheka, kwanza kwa kujilazimisha, kisha Mama Nsia akamtania kwamba anacheka kama mtu anayedaiwa mahari, akacheka kweli, meno yote nje, ya kahawia na madoa yake. Simu ikapiga picha. Akaomba kuiona.

Aliitazama picha muda mrefu. Kidole chake kilipita juu ya meno yale taratibu.

"Kumbe nacheka kama baba," akasema.

Baba yake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Anande aliyajua hayo kwa sababu nusu ya Tengeru walikwenda kumzika. Alisimama na kitambaa mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakujua anataka mtu aliyekaa kitini ajibu nini.

"Kaka Apaikunda," Mgandishi aliuliza tena, kwa upole ule ule, "unakubali?"

Apaikunda alimrudishia Anande simu, akafuta macho kwa kiganja, akalaza kichwa.

"Nakubali," akasema. "Ila picha hiyo, dada, nakuomba usije ukaifuta."